Mtoto aliyegoma kubebwa mgongoni: kisa kimoja cha mtindio wa ubongo kilichochelewa kuonekana

Mimi ni fizio, mtaalam wa mazoezi ya viungo, kwenye hospitali ya wilaya, Tanzania, upande wa pwani. Mtoto ninayemwandika hapa nilianza kumwona akiwa na miezi saba, saivi ana miaka miwili na kidogo. Majina sitaji, mji sisemi, na vitu viwili vitatu vya kumtambulisha nimevigeuza. Mama yake anajua naandika, akaniomba jambo moja tu, nisimwandike kama mama asiyejua kitu, na kusema kweli yeye ndo aligundua kabla yetu sote tuliosomea.

Historia ya uzazi

Mama wa miaka 22, uzazi wa kwanza, kliniki ya ujauzito alihudhuria vizuri, presha sawa, damu sawa. Alifika hospitali asubuhi na uchungu akajifungua alfajiri ya siku ya pili. Anavosimulia mwenyewe, mtoto alitoka "amechoka", hakulia, wakamwahisha kwenye meza ya pembeni, akamwona nesi anabonyeza kile kimfuko cha kupulizia hewa, anabonyeza tu, mpaka baadae akasikia kasauti kadogo kama ka paka. Alichoambiwa ni kwamba mtoto kanywa maji machafu, basi, hapo maelezo yakaisha. Kwenye kadi imeandikwa uzito kilo 3.2, alama za Apgar, zile za kupima hali ya mtoto akizaliwa, juu kabisa 10, ni 3 dakika ya kwanza na 6 dakika ya tano.

Siku ya pili akaanza vituko ambavyo mama hakuviita degedege mana mtoto hakutetemeka. Alikua anachezesha mdomo kama ananyonya na wakati titi halipo, macho yanapepesa, miguu inazunguka kama anaendesha baiskeli, kisha anatulia. Nesi wa zamu ya usiku ndo akashtuka akamwita daktari, akaanzishiwa fenobabitoni, dawa ya degedege. Akakaa wodi ya wachanga siku 11 kisha wakaruhusiwa, na karatasi ya ruhusa inasema "kuendelea na kliniki ya kawaida".

Mtu akinipa hizo aya mbili bila kumwona mtoto namwekea alama nyekundu. Hakulia, akapuliziwa, akapata degedege masiku ya kwanza. Sisemi ana mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linaloharibu ujongeaji, wengi wa hivo wanakua salama kabisa, nasema huyu hafai kwenda kliniki ya kawaida, anatakiwa apewe tarehe ya kurudi aangaliwe anavojongea, hata kama anaonekana mzima kama jiwe.

Ilivyokwenda

Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 alipelekwa chanjo bila kukosa. Uzito ukawa unapanda, kilo 4.3, halafu 5, halafu 5.9, ule mstari kwenye kadi unakwenda juu vizuri mpaka unapendeza. Nesi anamwambia mama hongera, mtoto ana afya. Nyumbani nako raha tupu. Mama mkwe, wanaishi nae, alikua akimwita mjukuu wake "mume wangu" kama bibi zetu wanavotania, na mtoto akishikwa kwapani akisimamishwa kwenye mapaja miguu inakakamaa wima, anasimama! Miezi mitatu na nusu anasimama. Bibi anaita majirani, "njooni muone mume wangu ana nguvu huyu, huyu atatembea kabla ya wenzake." Baba ni dereva wa masafa, yupo nyumbani siku chache kwa mwezi, akirudi anamrekodi kwa simu.

Sasa ndani ya raha hiyo mama alikua na shida yake ndogo ambayo hakujua amwambie nani, mtoto hakai mgongoni. Akimweka mgongoni ili amfunge na khanga, miguu haitanuki. Mtoto wa kawaida ukimwinamia anajipanua mwenyewe kama chura anakugandamia, huyu alikua anateleza chini kama ubao, miguu imebana pamoja, mgongo unapinda kwa nyuma, analia. Kumvalisha nepi nako vita, lazima umtenganishe mapaja kwa nguvu. Akamwambia mama mkwe, mama mkwe akasema huna mgongo wewe, wanawake wa siku hizi hamjui kubeba.

Jambo la pili ni viganja. Mikono yote imekunja ngumi na dole gumba limefichwa ndani, mchana na usiku. Akiogeshwa inabidi umfungue kidole kimoja kimoja, na ndani unakuta nyuzi za blanketi, ugando wa maziwa, kanaanza kunuka uchachu, ngozi kati ya vidole imelainika nyekundu. Alikua anapaka mafuta ya nazi kila jioni. Aliniambia, "nilijua kila mtoto ananuka mkono."

Miezi minne kwenda mitano hali ikabadilika. Mlango ukigongwa au sufuria likianguka anashtuka mwili mzima, anarusha mikono na kulia robo saa. Kunyonya kukawa kunachukua saa nzima. Walipoanza uji ulimi ukawa unausukuma nje wote, bibi akaona mtoto mkorofi, akamlaza chali akawa anamnywesha kwa kiganja. Ndani ya wiki sita mtoto akaugua kifua mara mbili, zahanati wakampa dawa, kifua kikapoa, hakuna aliyeuliza anakulaje.

Baba akaja na kigari cha kutembelea akiwa na miezi sita, mtoto ananing'inia humo ananyoosha vidole vya miguu kama mcheza ngoma, ila kukaa hawezi, ukimkalisha anaanguka kwa nyuma kama amesukumwa. Sasa minong'ono ikaanza, na wasomaji wa bara na pwani mnajua neno lililofuata, mtoto kabemendwa, yaani mzazi kavunja mwiko wa ngono mtoto bado ananyonya, ndo mana kaharibika. Na kwa kua baba yuko safarini muda wote, mwenye kosa akawa mama. Akapelekwa kwa mtaalam wa kienyeji, chale, uzi mweusi mkononi, wiki tano zikaenda. Mama mwenyewe akatoroka siku moja akaenda kituo cha afya kuuliza mbona hakai, akajibiwa watoto wa kiume wanachelewa, subiri afike mwaka.

Siku nilipomwona

Nilimkuta kwenye benchi la eksirei, kaletwa kwa kifua cha tatu. Napita zangu na chai mkononi, nikaona ngumi. Nikarudi.

Nilimuomba mama aje chumbani nikampima palepale. Ukimlaza kifudifudi ananyanyua kichwa juu sana, mtu asiyejua anasema shingo imekaza tayari. Lakini ukimlaza chali ukamshika mikono ukamvuta taratibu aje akae, kichwa kinabaki nyuma, kinaning'inia kama cha mtoto wa wiki mbili. Hivi vitu viwili vikikutana kwa mtoto mmoja hiyo si shingo yenye nguvu, ni misuli ya nyuma inavuta bila ruhusa yake. Miguu nikimsimamisha inapishana kama mkasi. Nikipanua nyonga polepole inafunguka kidogo halafu inakamata, nikivuta haraka inagoma kabisa. Nikapima mzunguko wa kichwa kwa ile kamba ya fundi cherehani, sentimita 40 na nusu, wakati mvulana wa miezi 7 wa katikati yuko kwenye 44. Kwenye kadi yote hakuna sehemu kichwa kilipimwa baada ya kuzaliwa.

Tuna kipimo kimoja kinaitwa HINE, vipengele 26, jumla alama 78, huhitaji mashine, unahitaji mtoto aliyeshiba na dakika kumi na kitu. Umri huo chini ya 73 ni hatari kubwa ya mtindio wa ubongo. Yeye alipata 43.

Na hapa ndo nilipoharibu mimi. Nilikua na furaha ya kijinga ya kugundua kitu, mlango uko wazi, foleni inasikiliza, nikasema, "dada, huyu mtoto ana mtindio wa ubongo, aanze mazoezi kila wiki." Nikaandika kikaratasi nikampa. Hakuuliza hata swali moja. Akafunga mtoto kwenye khanga begani, akaondoka, sikumwona tena karibu miezi miwili.

Baadae aliniambia alichosikia yeye ni "taahira". Yaani kwa mtaani kwao mtindio wa ubongo ni tusi, na majirani wawili walikua kwenye lile benchi.

Alivyorudi na tulichoamua

Aliyemrudisha ni nesi wa chanjo. Miezi 9 mama alileta mtoto achomwe surua, nesi akakiona kile kikaratasi changu kimekunjwa ndani ya kadi, hakusema kitu, akamaliza chanjo akamwambia dada nisindikize mara moja, akamleta hadi mlangoni kwangu amemshika mkono.

Mara hii nilifunga mlango. Nikamuuliza yeye kwanza, unaona nini kwa mtoto wako? Akaongea dakika ishirini, khanga, viganja, uji, mshtuko, vyote nilivyoandika hapo juu vimetoka siku hiyo. Akatoa na simu. Video ya kwanza mtoto ana wiki kama 13, amelala kwenye mkeka hana nguo, feni inapiga. Umri ule mtoto mzima hatulii, kuna kamchezo kadogo kanapita mwilini muda wote, vifundo vya mikono, shingo, vifundo vya miguu, kama anacheza taratibu muziki asiousikia mwingine. Huyu alikua halali na hachezi, mwili unajikaza wote kwa pamoja halafu unaachia wote kwa pamoja. Wenzetu waliosomea kuzisoma hizo video wanaweza kuona hatari kati ya miezi mitatu na mitano, wakati wengine bado wanasubiri mwaka ufike. Ushahidi ulikua kwenye simu ya baba, umepewa jina "jembe langu".

Nikamweleza hivi: mtoto alivyochelewa kupumua sehemu ya ubongo inayoongoza misuli iliumia. Jeraha halikui wala haliambukizi, ila halifutiki, na misuli ikiachwa bila kuongozwa itazidi kukaza. Akiuliza akili nikasema bado sijui, tutaiona anavokua, wapo wenye mwili mgumu na akili nzima. Akauliza la kubemendwa, nikamwambia hapana, na nikamwomba wiki ijayo aje na mama mkwe.

Hilo la mama mkwe wenzangu walinishangaa, si ndo huyohuyo aliyemtesa. Nilikua na sababu mbili. Mama alikua hana uwezo wa kupeleka hili neno nyumbani peke yake akaaminiwa, na bibi tayari alikua anamkanda mtoto kila jioni na mafuta ya nazi, yaani mikono ya mazoezi ipo nyumbani bure, kila siku, mimi nina nusu saa kwa wiki. Bibi alikuja amenuna. Sikumhubiria. Nikamwomba anionyeshe anavokanda, akaonyesha, akawa anavuta vidole kwenye ncha na ngumi inazidi kubana, nikamwonyesha ukisugua mgongo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho na ukaanzia shina la dole gumba mkono unafunguka wenyewe. Ulipofunguka akanyamaza, akasema, "kumbe mume wangu ana kiganja kizuri hivi."

Tukakubaliana mambo machache, sikutaka niwape kurasa tano:

Kigari kiondoke, na kumsimamisha kuishe, mana kila akisimamishwa anafundishwa kukakamaa.

Nepi, kunja magoti kwanza kuja tumboni, zungusha nyonga taratibu, kisha panua kwenye magoti, usivute kwenye vifundo. Kubeba ni kiunoni, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, khanga inapita chini ya makalio.

Kula amekaa wima, kidevu kimeshuka kidogo, uji mzito, kijiko kinatoka mbele na chini, kulazwa chali marufuku. Hili nililisisitiza kuliko yote, mana misuli inasubiri lakini uji ukiingia kwenye mapafu hausubiri.

Nikaandika rufaa ya macho na masikio, na daktari wa watoto amwone kwa degedege. Kipimo kikubwa cha picha ya ubongo tuliamua kisisubiriwe, ni mbali na hela hawana, na hakuna zoezi ambalo lingebadilika kwa sababu ya ile picha.

Matokeo

Hajakaa wala kutembea mwenyewe na sijawahi kumuahidi mama hivo. Kwenye ile ngazi ya viwango vitano tunayotumia kupima ujongeaji yuko cha nne, cha tano ndo kizito kuliko vyote. Anakaa kwenye kiti cha maboksi tulichotengeneza kwa kugundisha makaratasi na uji wa ngano, kina meza mbele na kigingi kinachotenganisha mapaja. Kichwa anakishika. Kula kumeshuka kutoka saa nzima mpaka kama dakika 20, na tangu tubadilishe ulaji kifua kimemrudia mara moja tu. Mkono wa kulia unafunguka anashika kijiko, wa kushoto bado. Miezi 14 degedege lilirudi, hili la kutetemeka, na kwa kua daktari alishamjua alianza dawa siku hiyohiyo. Anaita "bibi", anacheka utani, nyimbo za redio anazijua kwa kuitika. Masikio mazima. Jicho moja linapishana. Nyonga tumempiga eksirei, ya kushoto imeanza kusogea nje kidogo, tunaifuatilia.

Baba alikaa mbali na haya yote karibu mwaka, saivi anampeleka mazoezi akiwa likizo.

Uchambuzi: kilichokwama

Kilo zilitudanganya. Kadi ilikua nzuri mpaka miezi mitano na wote tukaisoma kadi badala ya mtoto. Halafu ratiba yenyewe ina shimo, baada ya wiki ya 14 sindano inayofuata ni ya miezi 9, katikati kuna matone ya vitamini A na kupima uzito, wamama wengi wanaona kama hakuna sababu ya kupanga foleni. Dalili za huyu mtoto zimeiva humohumo ndani ya hilo shimo.

Neno nguvu. Hili ndo kubwa kwangu. Tumezoea kufundisha wazazi wamwogope mtoto legevu, aliyelala kama kitambaa, na ni kweli wapo wenye mtindio walio legevu hivo. Ila mtoto mgumu anapongezwa. Anayesimama na miezi mitatu, anayegeuka mapema kwa kujirusha kinyumenyume, anayekaza shingo wiki ya sita, anaitwa jembe. Kuna na mwenzao mwingine anayepongezwa, yule wa miezi sita "anayependa mkono wa kushoto". Mtoto chini ya mwaka hatakiwi kuchagua mkono, akichagua uliza ule mwingine una nini. Nguvu ya kweli inabadilika, inakaza na kulegea kadiri mtoto anavotaka. Ya huyu ilikua haizimiki.

Ruhusa ya wodini. Hapa naomba nieleweke. Mafunzo yale ya kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza yalijaribiwa kwetu Tanzania kwenye hospitali nane, na matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Hao ni watoto waliokua wazikwe. Nesi aliyebonyeza ule mfuko alifanya kazi yake na sitaki mtu asome kisa hiki aende kumshika shati mkunga, pia mtindio mwingi hautokani na leba kabisa, kuna manjano makali, kuzaliwa njiti, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, na mengine yanaanza tumboni. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye karatasi ya ruhusa, arudi tarehe fulani, chumba fulani.

"Subiri afike mwaka." Tabibu aliyesema hivo hakua na ubaya, anataka kumtuliza mama. Ila mama anayerudi mara ya pili na swali lilelile hatulizwi, anapimwa. Kumvuta mikono uone kichwa kinafuata au kinabaki ni sekunde tano.

Na mdomo wangu. Dalili nilizipata sawasawa, alama 43 ni sahihi, na bado mtoto alipoteza wiki nane kwa sababu yangu, tatu zaidi ya zile alizopoteza kwa mganga. Mganga angalau aliwakalisha chini.

Kilichofanya kazi

Nesi wa chanjo kutembea hatua mia moja na mama badala ya kumwelekeza kwa kidole. Kumuuliza mama kwanza. Simu ya baba. Na mikono ya bibi, ambayo mpaka leo naamini imefanya zaidi ya nusu ya kazi, japo ukimsikiliza yeye ni yote.

Nesi yule tulikaa nae baadae tukakubaliana aongeze maswali mawili wakati mtoto yuko kwenye mzani, kuanzia wiki ya 14 kwenda mbele: "anakaa mgongoni?" na "nifungulie kiganja nione". Mpaka sasa kaniletea watoto sita. Watatu wazima kabisa, mama tu alikua mwembamba na khanga mpya inateleza. Mmoja shida ilikua nyonga imezaliwa nje ya kikombe chake, nayo ukichelewa ni balaa. Wawili ndo wenzake na huyu, mkubwa wao alikuja akiwa na miezi minne na nusu.